Mama Anajaribu Ushahidi Chumbani Kwetu

Ijumaa zangu za Doha nilizimalizia kitandani. Wenzangu walizurura mtaa wa Al Sadd; mimi nililinda mto wa kulalia. Niliacha msitu mzima Kenya, nikaja kujificha kitanda cha juu nyuma ya pazia la leso.

Mama ndiye aliyenishusha. Alipiga simu kusema ameitwa mbele ya tume iliyosikiliza habari za watu waliofukuzwa msituni. Sisi ndio hao. Majirani walituita Wandorobo: watu wasio na ng'ombe, kwa hiyo si watu sana. Shida ya Mama haikuwa kukumbuka. Kila alipofika pale askari walipochoma mizinga ya nyuki ya marehemu Baba, sauti ilikatika. Tena tume ingetaka Kiswahili, lugha yake ya sokoni. Akataka kujaribu kwanza mbele ya wageni, nami nilikuwa nao wawili chumbani, Mmombasa na Mganda, wasafishaji wa hoteli kama mimi.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama wameonja asali. Kwetu jambo zito halifunguliwi mbele ya mgeni ambaye hajaonja. Nikamwambia huku ni jangwani. Akasema basi atasubiri.

Nikavaa viatu niende dukani. Mmombasa akamwarifu Mama kwenye spika ya simu kwamba jua la Doha litashtuka kuniona. Nikarudi na chupa ya plastiki yenye picha ya nyuki anayecheka, tukalamba. Mganda akanong'ona kwamba huyo nyuki ameajiriwa kiwandani. Nikamkanyaga mguu.

Mama akaanza. Askari walikuja asubuhi, uji ukiwa motoni. Alitoa watoto, akatoa kuku, nyumba ikawaka. Kwenye mizinga akanyamaza. Nilinyoosha mkono nikate simu, Mganda akanizuia.

"Mama," akasema polepole, "ilikuwa na nyuki ndani?"

"Ilikuwa nao. Walitoka wakiwaka. Nilisimama nikatazama mpaka mzinga wa mwisho. Mwenye mizinga hakuwepo, na ilibidi mtu wa nyumba yake aone."

Baada ya hapo hakukwama tena. Alieleza walivyolala kando ya barabara, na alivyorudi kisirisiri kutundika mzinga mpya, kazi ya wanaume kwetu. Mmombasa akauliza nani alipanda mti.

"Mimi. Na sketi yangu."

Siku ya tume, kaka yangu aliyekwenda naye alinisimulia, mwenyekiti alimwambia Mama muda umekwisha. Akajibu kwamba yeye alisimama mpaka moto ukaisha, hivyo wao wanaweza kukaa mpaka maneno yaishe. Wakakaa.

Wenzangu walidai ni wao waliomfundisha. Mimi nilimsimulia kila niliyekutana naye, hadi dereva wa basi la kampuni, Mnepali asiyejua neno la Kiswahili. Alinisikiliza njia nzima kwa heshima, kisha, akidhani nalalamikia joto, akaniongezea AC.