Nyumba ya Pamoja Niliyoijaribu Nairobi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimo ndani ya gari la Namanga kuelekea Nairobi, napiga namba isiyopokelewa. Umeniambia unataka kupeleka nyumba zako za pamoja Kigali, na tangu jana sina raha. Basi nisikilize kabla hujafunga begi.

Nilikuwa na miaka thelathini. Nyumba yangu ya Kijenge, hapa Arusha, ilikuwa na vyumba vinane, jiko moja, sebule moja. Wapangaji walikuja hawajuani, wakaishi kama ndugu. Watu wakanisifu, nami sifa zikanilevya. Nikaona nivuke mpaka nikajaribu Nairobi. Mpangaji wangu wa kwanza pale Kijenge, Bi Zuhura, mjane wa Tanga aliyeuza vitenge sokoni, alinishauri nikakae kwanza na watu wa huko, nijue wanaishije. Niliitikia kwa adabu, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Nikakodi nyumba, nikapata wapangaji wanne, nikabandika sheria za Kijenge ukutani jikoni, nikarudi Arusha. Kila nilipouliza, walijibu kuwa wako salama. Wiki ya tatu mmoja wao, Achieng, fundi cherehani, akaacha kupokea simu. Wenzake wakasema labda amesafiri. Siku ya pili nikapanda gari, nikaondoka.

Nilikuta mlango wake umefungwa kwa ndani. Fundi alipouvunja, Achieng alikuwa sakafuni, homa imemkausha midomo, hawezi hata kuita. Tukamkimbiza hospitali. Siku mbili nilikaa nje ya wodi, nikimwogopa kila muuguzi aliyetoka. Mungu alimrudisha.

Wenzake hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Walitoka mapema, walirudi wamechoka, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshamjulia hali. Mmoja aliniambia huku analia, "Dada, tunapika jiko moja, lakini jina lake la pili nimelijua leo hospitalini."

Nilimrudia Bi Zuhura nikitarajia kusutwa. Kwanza aliuliza kama binti ameanza kula. Kisha akasema, "Hapa, asiyetoka chumbani asubuhi mimi humgongea. Huko kazi hiyo ulimwachia nani?"

Miaka yote ile nilidhani ni sheria zangu zilizoishikilia nyumba. Nikawatafutia wale wanne makao mengine, nikaifunga ile ya Nairobi.

Sikuzuii safari, mwanangu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jaribu, lakini jaribu kwa kukaa, si kwa kupiga simu kutoka Arusha. Lala humo miezi kadhaa, ujue watu wa Kigali wanataka kushirikiana nini, na nini kila mtu anataka kiwe chake peke yake. Mtafute atakayemuulizia mgonjwa. Usipompata, usiongeze nyumba ya pili, hata wakikupigia makofi.

Mungu akutangulie, akupe kuwaona watu kabla ya vyumba, na kila atakayelala chini ya paa lako aamke mzima.