Gemu la bure la kaseti lililotuuliza "mko wangapi", Mbamba Bay enzi za ruksa

Wakuu, salaam kwenu, na waliotutangulia humu shikamooni.

Naona vijana mnabishana gemu lipi lina picha safi kuliko lingine. Leo naomba niwapeleke upande wa pili wa soko, kwenye magemu ya bure. Yale yaliyotengenezwa na watu wasio mafundi, majumbani kwao, kwa kompyuta za zamani.

Nina maoni kuhusu magemu hayo, na nina kisa kimoja. Maoni mnaweza kuyapinga. Kisa nimekihakiki mara mbili kwa waliokuwepo, kwa hiyo mwenye kutaka kusema ni chai avumilie nimalize.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria imeshazoeleka, kila mtu ni mfanyabiashara hata asiye na cha kuuza. Mimi makazi yangu Mbinga mjini, nazunguka na mali. Leo mitumba, kesho betri za redio, msimu wa kahawa ukifika napanda nayo milimani kwa wenye nazo.

Upande wa Litembo kulikuwa na Mzungu mmoja, fundi umeme, anarudi kwao, anagawa na kuuza vitu. Katika vitu vyake nikakuta kompyuta.

Siyo kama hizi zenu. Ilikuwa kibodi tupu, nene kama mkate wa boflo. Unaichomeka kwenye TV, halafu gemu linaingia kwa kaseti. Kaseti hizi hizi za muziki, kwa redio ya kawaida.

Tukapatana kwa baiskeli. Mimi nilianza na baiskeli isiyo na kengele, tukaishia kwenye baiskeli yenye kengele.

Kaseti za magemu akakataa kupanga bei.

"Hizi siuzi," akaniambia. "Wametengeneza watu tu, kwa kupenda. Nakili, mpe na mwenzako."

Wakuu, mimi kitu cha bure huwa nakigeuza mara mbili nione kimetobokea wapi. Kaseti zilikuwa kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja.

Nikateremka nayo Mbamba Bay, ufukweni mwa Nyasa, kwa mama mdogo. Mbinga kulikuwa tayari na mabanda ya video, pale ziwani hakuna. Mtoto wa mama mdogo, Betram, alinipa chumba alichokuwa akiweka nyavu. Tukaziba dirisha kwa gunia, tukaweka TV ndogo ya nyeusi na nyeupe, fundi redio akatupangia umeme wa betri ya gari. Show ilikuwa mchana, watu wakishauza samaki na hawana la kufanya.

Sasa maoni yangu.

Kwanza, gemu la bure linaingia kwa kelele. Unaweka kaseti, unasubiri kama dakika saba, redio inalia kama mashine ya kusaga iliyotiwa kokoto. Watu wangu walilipenda hilo kuliko gemu lenyewe. Mzee mmoja alikuja siku tatu mfululizo kusikiliza kelele tu, zikiisha anaaga.

Pili, katika kaseti zile kumi na moja, nne hazikufunguka kabisa. Tatu zilifunguka, nadhani zikajuta.

Kulikuwa na gemu la vita ambalo shujaa ni herufi H. Adui ni herufi X. Risasi ni nukta. Nimeita watu waje kuona maajabu ya sayansi, wanakaa kuangalia alfabeti ikigombana.

Kulikuwa na la mpira. Timu zote mbili rangi moja, na kipa ukimgusa anatoka nje ya uwanja harudi tena. Betram alisema anamfahamu kipa wa namna hiyo.

Kulikuwa na la ndege, inashuka yenyewe mpaka inagonga ghorofa. Kazi yako ni kubonyeza kitufe kimoja. Usipobonyeza inagonga. Ukibonyeza inagonga baadaye kidogo.

Lakini nitasema haki. Mengi ya magemu yale yalianza na maneno ya mtengenezaji, anajitambulisha na kuomba radhi mapema. Fundi anayeomba radhi kabla ya kuharibu sijamwona tena maishani.

Kaseti ya kumi na moja haikuwa na maelezo. Ilikuwa imeandikwa neno moja kwa penseli: NYASA.

Tuliifungua Jumamosi. Chumbani tulikuwa kama watu ishirini. Gemu hili halikulia kokoto. Liliingia kimya, mpaka nikadhani redio imekufa.

Kisha likaanza kuchora, mstari mmoja mmoja, polepole. Ufukwe. Ghuba. Mawe makubwa upande wa kushoto. Kisiwa kidogo mbele.

Mtu nyuma yangu akasema, "Hapo si kwetu?"

Palikuwa kwetu, wakuu. Mpaka lile jiwe bapa wanaloanikia nyavu lilikuwepo, mahali pake.

Chini pakaandikwa, kwa Kiswahili: MKO WANGAPI?

Mengine yote yalikuwa ya Kizungu. Hili moja Kiswahili, na halikuwa na jina la mtu wala radhi.

Nikabonyeza 3. Ikachorwa boti, na ndani yake nukta, kila nukta mtu. Nukta zilikuwa nne. Boti ikaondoka. Katikati ya ziwa ikasimama. Pakaandikwa: MMOJA HANA NAFASI. Nukta moja ikateleza pembeni, ikaingia majini, ikapotea. Boti ikaendelea mpaka ng'ambo. WATATU WAMEFIKA.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana. Niliona vibaya kwamba hesabu haikulingana.

Sasa hapo niwatambulishe watu wawili. Wa kwanza ni Editha, mke wa Betram, shemeji yangu. Mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay, na wiki ile ilikuwa imekuja barua kwamba mama anaumwa sana na anamwita. Jumatatu alfajiri Betram alikuwa anavuka naye.

Wa pili ni Oswin, nahodha wa boti ya mbao ya injini waliyokuwa wapande. Pamoja na vibarua wake wawili walikuwa watu watano wa safari. Wote watano walikuwa mle chumbani.

Betram akasema, "Tuweke sisi. Watano."

Oswin akanyanyuka. "Msiniweke mimi humo. Watu wa kwenye chombo hawahesabiwi."

"Unajuaje sasa kama mmetimia?" nikamuuliza.

"Natazama nyuso. Ukihesabu kwa sauti, na ziwa linahesabu."

Hiyo ni desturi ya wengi pale ufukweni na mimi niliijua. Ila mimi ni mtu wa kuhesabu, nilikuwa nimeshabonyeza 5.

Nukta sita.

Boti ikaondoka. Safari hii hakuna aliyecheka. Ikafika katikati, ikasimama. MMOJA HANA NAFASI. Nukta iliyotoka ilikuwa ya katikati, pale wanapokaaga akina mama. Ikaingia majini. WATANO WAMEFIKA.

Editha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kuaga.

Jioni hiyo akamwambia mumewe hapandi boti. Haeleweki, haelezi. Betram akanijia amevimba.

"Mama yake anamwita kitandani, na mashine yako imemfunga miguu. Ulivyomfunga, mfungue."

Jumapili baada ya ibada nikamtafuta Mwalimu Kasian, wa hesabu. Aliwahi kusomea mambo ya kompyuta kidogo chuoni. Uzuri wa magemu yale ya zamani ni kwamba unaweza kulisimamisha ukasoma maagizo yake yote, laini kwa laini, kama unavyosoma hati ya kiwanja. Tukakaa nayo. Laini hazikufika hata hamsini.

Mwalimu akaanza kucheka peke yake.

"Tazama mjinga huyu. Ukimwambia watano, anahesabu kuanzia sifuri mpaka tano. Hesabu vidole."

Nikahesabu. Sifuri, moja, mbili, tatu, nne, tano. Vidole sita. Nikarudia. Sita.

"Kosa la kila anayejifunza," akasema. "Sasa subiri uone alivyolitibu. Kaona kuna mtu mmoja amezidi. Angebadilisha sifuri kuwa moja, imekwisha. Yeye kaongeza laini mpya hapa chini, ya kusimamisha boti na kumtosa aliyezidi."

Ndiyo maoni yangu makuu kuhusu magemu ya bure, wakuu. Fundi wa kulipwa akikosea hesabu utamrudishia kazi. Fundi wa bure anazamisha mtu, hesabu inatimia.

Mwalimu akarekebisha. Sifuri akaifanya moja, laini ya kutosa akaifuta. Tukaandika 5, nukta zikawa tano. Boti ikaondoka, ikafika katikati, ikasimama. Ikakaa kidogo. Ikaendelea.

"Kwa nini imesimama?" nikauliza. "Si umefuta?"

Mwalimu akazipitia laini zote upya. Hakucheka tena. "Mashine imezeeka," akasema, akaomba aende nyumbani.

Mimi nikaandika zile laini kwenye karatasi, nikamfuata Editha. Nilimkuta anaanua usipa kwenye chanja.

"Shemeji, ni kosa la hesabu tu," nikamwambia. Nikamweleza sifuri, nikamweleza vidole. Alisikiliza huku anachambua samaki.

"Hebu rudia hapo mwisho."

"Aliona amezidi mmoja. Badala ya kuanza kuhesabu upya, akaandika amtose."

"Kwa hiyo siyo mashine iliyoamua. Ni mtu."

"Ni mtu, shemeji. Mtu mvivu tu."

"Ingekuwa mashine ningepanda. Mashine hukosea tu, mtu hukusudia."

Akaweka ungo chini, akatazama kama kuna mtu karibu.

"Jana wewe uliandika watano. Mimi nilishajua tuko sita. Mwezi wa pili huu. Betram bado sijamwambia, na wewe hujasikia."

Wakuu, mimi nimewahi kumshusha bei muuza majeneza. Pale nilichokiweza ni kuendelea kuchambua usipa wake.

"Na mama je?" nikauliza mwishowe.

"Mama atanielewa. Yeye ndiye aliyenikataza kuhesabu watu."

Nikaikunja karatasi yangu nikaondoka. Nilijua nimefanya nini. Kama nisingebonyeza ile 5, angepanda aende kumwona mama yake.

Jumatatu boti iliondoka na wanaume wanne. Ziwa lilikuwa limelala, hakuna upepo wa mwera wala wimbi. Siku kama ile ungevusha hata mayai. Nilisimama ufukweni naona aibu, kwa sababu kila mtu aliona safari ni nyepesi na Editha amekataa bure.

Walirudi Alhamisi mchana. Tulijua kabla hawajashuka, kwa jinsi Betram alivyokuwa amekaa.

Mama yake Editha alifariki Jumatatu, asubuhi, kwenye saa nne. Walifika amelazwa, wakazika.

Editha alilia, na akina mama wakalia naye, na mimi nikatafuta pa kusimama nikapakosa. Nilitegemea aninyooshee kidole mbele ya watu. Alikuwa na haki.

Kisha Oswin akaja barazani. Ni mtu asiyesema sana, na siku ile hakuketi.

"Mama, nina jambo lenu, siyo langu," akamwambia Editha. "Jumatatu injini ilizimika katikati. Mafuta yapo, kila kitu kipo. Ilizimika tu."

"Saa ngapi?" Editha akauliza.

"Saa nne kama na nusu. Mimi niko nyuma kwenye usukani. Hawa wote watatu wamenipa kisogo, wanatazama tunakokwenda. Nikatazama kama ninavyotazamaga. Nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, nikafanya nisichofanyaga. Nikahesabu."

Betram alikuwa ameinamisha kichwa. Ilionekana hakuwahi kuyasikia hayo.

"Visogo vitatu," Oswin akasema. "Mimi wa nne. Na mbele kabisa kuna aliyenigeukia. Amejitanda kanga, uso sikuuona sawasawa. Nikahesabu mara ya pili. Watano. Nikaacha. Nikavuta kamba ya injini, ikawaka mara moja. Nilipoinua kichwa tulikuwa wanne."

Editha alijifuta macho.

"Huyo wa tano alikuwa anakutazama wewe?"

"Hapana. Macho yake yalinipita. Alikuwa anatazama huku tulikotoka."

Editha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake yuko njiani. Akaingia ndani, akatoka na mkeka mpya, akautandika pale barazani. Kisha akakaa pembeni yake, chini, kwenye udongo. Mkeka akauacha wazi mpaka jua likazama, na hakuna hata mtoto aliyeukanyaga.

Wakuu, kisa changu ndicho hicho.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, sasa ni mtu mzima na ana watoto wake. Mimi shemeji hakuwahi kunilaumu, na sijui kama hiyo ni nafuu. Kompyuta niliipeleka Songea, ikapata mtu. Kaseti ile nilirekodia kwaya juu yake. Waimbaji ni wangapi sijahesabu na sitahesabu. Aliyetengeneza gemu nilimuulizia misheni na kwingine, kila mtu alikana.

Nilichojifunza ni kwamba kosa la hesabu lina fundi wake, na unaweza kumkamata ukamwonyesha laini aliyokosea. Ila ukishaionyesha, bado utakuwa hujajua aliyezidi alikuwa nani.

Karibuni mchangie. Wenye kumbukumbu za magemu ya kaseti semeni mliyoyaona, hata kama ni ya kuchekesha, yanahitajika. Wa kubeza pia wabeze, nimeshazeeka.

Ila wenye vyombo, iwe Nyasa, Tanganyika au Viktoria, nina swali langu moja kwenu. Injini ikikuzimikia katikati ya maji, ziwa limelala, unahesabu watu au unaacha?