Niliandika baba yake hayuko, sasa mama mkwe anataka nibadilishe

Admin, jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, naishi mtaa wa Langas na msichana wangu wa miaka sita. Baba yake alienda kutafuta kazi ya mjengo mbali, mwaka wa pili huu. Simu haiingii. Nafulia watu nguo, nimechoka, lakini mtoto hajawahi kulala njaa.

Shule mpya inataka barua ya kusema nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto ama kumhamisha. Niliishia form two, kwa hivyo niliandika Kizungu changu nikampelekea jirani anayesoma chuo. Nilikuwa nimeweka "lack of father", nikidhani inasema tu hayuko. Akaniuliza polepole, "Mama, kwani huyu hana baba?" Nikamwambia anaye, ila hayuko. Akasema, "Basi andika 'in the absence of her father, I sign alone', yaani baba yake hayuko hapa, nasaini peke yangu." Nilirudia hayo maneno nikifua mpaka yakanikaa mdomoni. Yalisema maisha yangu vile yalivyo.

Jumapili shemeji, ndugu ya mume wangu, alikuja kwangu na mama yao, akaiona barua mezani akamsomea. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa nchi mtoto ni wa boma, na ndugu za baba wote ni baba. Mama akaniambia, "Niko na vijana watatu. Huyu amekosa baba wapi? Ama hawa wengine ni ng'ombe?"

Shemeji akacheka. "Siku hizi wewe ni mwalimu wa Kizungu." Halafu akataka barua ibadilishwe, asaini yeye.

"Na ukishasaini?" nikamuuliza.

Mama ndiye alijibu. "Mtoto atakuja kulelewa nyumbani. Wewe uko na mikono miwili tu."

Nampenda huyo mama. Nilipojifungua alinikanda na maji moto wiki tatu. Na hasemi uongo, kwao mtoto hakosi baba. Lakini mtoto alipolazwa na nimonia, kwa hao baba wote hakuna aliyepiga hata simu.

Wamenipa mpaka Ijumaa. Nikikataa, mama amesema nisikanyage kwake tena, na mtoto wangu hana boma lingine. Nikikubali, shemeji anaweza kumtoa shule nikiwa kwa nguo za watu.

Barua sibadilishi, hilo nimeamua. Wenye mmepitia haya, nisaidieni na moja tu: nitamwambiaje huyu mama aelewe kwamba yeye simkatai?