Tambi Zisizotiwa Chumvi

Usiku ule Riziki hakulala, na simu nayo hakuiacha ipumzike. Kila mwanga wake ulipozimika aliibonyeza tena, asije akapitwa. Magharibi mdogo wake Mustafa alikuwa amepiga kutoka kijijini Ziwani, akasema upesi upesi kama mtu anayekimbia: "Dada, Shafii katoka damu. Tunampeleka zahanati." Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Shafii alikuwa mtoto wa mwisho wa Riziki na mumewe, na wa kiume peke yake. Shule zilipofungwa mwezi wa sita alipelekwa Ziwani, kwa ndugu za mama yake, aingie jandoni pamoja na watoto wa ukoo. Siku hizi kazi ya kukata hufanywa na mtu wa zahanati, kwa sindano ya ganzi, lakini wakishakatwa watoto hukaa kumbini, katikati ya mikorosho, mpaka wapone. Mwanamke hasogei huko. Mjomba ndiye mwenye mtoto kwa siku hizo, na mama hubaki kwake akishika miiko.

Katika ukoo wao mwiko mkubwa ulikuwa chumvi. Tangu mtoto anapoingia kumbini mpaka kidonda kifunge, baba na mama hawali chumvi. Wakila, bibi zao walisema, kidonda cha mtoto kinafunguka.

Kwa mama mwingine huo ni mwiko wa kula mboga isiyo na ladha, basi. Kwa Riziki ulikuwa mtihani, maana yeye alikuwa mkaanga tambi za dengu, na pale mtaani Magomeni, mjini Mtwara, hakuna aliyezikaanga kama yeye.

Alijifunza akiwa msichana. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi mji huo huo, na bibi wa nyumba ile akamweka jikoni. Alimfundisha kuchekecha unga wa dengu mpaka usibaki na donge, kutia chumvi, manjano na pilipili ya unga, kisha kumwagia mafuta ya moto kwenye unga ungali mkavu, ili tambi zikiiva zivunjike zenyewe menoni. Maji ndiyo mwisho, kidogo kidogo. "Onja ungali mbichi," bibi yule alizoea kumwambia. "Dengu inaficha chumvi. Ukingoja kuonja zikishaiva, umechelewa." Familia ilipohamia Dar es Salaam, bibi alimwachia mashine yake ya shaba ya kukamulia tambi. Mashine hiyo ndiyo Riziki aliyosomeshea mabinti wake wakubwa.

Kidole kwenye unga, kidole kwenye ulimi. Kwa miaka yote ile mkono wake haukuwa unaomba ruhusa. Kwa hiyo Shafii alipoingia jandoni, Riziki alimwomba Veronika, binti wa jirani, awe anamwonjea. Lakini juzi Veronika alikuwa kanisani kwenye mafundisho ya kipaimara, na Riziki akakanda unga huku akimwaza mwanawe, kama anakula, kama analia usiku. Alipozinduka kidole kilikuwa mdomoni na chumvi imeshapita kooni. Alitema. Alisukutua mpaka maji ya mtungi yakaisha. Hakumwambia mtu.

Sasa alikuwa amelala macho, neno moja likimzunguka kichwani: kinafunguka.

"Baba Shafii, twende."

Hashimu, mumewe, dereva wa bajaji, naye hakuwa amelala. "Twende wapi? Tunajua ni zahanati ipi? Tukitokea kumbini saa hizi watatufukuza sote, mimi, wewe na bajaji."

Kabla ya adhana ya alfajiri Riziki aliwasha mkaa. Tambi za sherehe ya kipaimara ya Veronika zilitakiwa siku ile, na mikono isiyo na kazi ingemtia wazimu.

Kulipokucha Gladness, mama yake Veronika, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa Kilimanjaro, alipiga hodi huku ameshaingia. "Harufu imenitoa kitandani. Jirani, mbona macho mekundu? Pilipili?"

"Pilipili ingekuwa nafuu, mwalimu."

Akamweleza yote, na kidole pia. Gladness alitaka kucheka. Alipomwona uso akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kidole kimoja?"

"Kimoja. Lakini nilimeza."

"Haya, kwa vile bado hujaambiwa kitu, usijihukumu. Lete nionje hizi." Alitafuna, akafumba macho. "Chumvi haijakolea."

"Wewe nawe! Wewe ungepewa bahari ungesema haijakolea."

"Basi onja mwenyewe," Gladness alisema, na papo hapo akajiziba mdomo. "Nisamehe, dada yangu."

Simu ikalia. Namba ngeni. Alikuwa Mustafa, kaazima simu ya muuguzi. Shafii yupo zahanati ya hapo hapo Ziwani, alisema, uji ameukataa. Walete shuka safi na kitu atakachokula. "Chumvi usitie, dada, hata chembe. Pilipili pia. Ni mwari bado, hajatoka jandoni."

"Hali yake lakini? Mustafa! Hali yake?"

Simu ilikuwa imekatika.

Riziki alichota unga mpya, akatia manjano peke yake. Gladness alimshikia bakuli. "Tambi bila chumvi wala pilipili," alinong'ona, "hata kuku watagoma."

"Atakula. Akiona tambi hakatai."

Alikamulia unga ndani ya mafuta kwa kuzungusha mkono, duara juu ya duara, mafuta yakachemka na kutoa povu. Alisubiri povu litulie, akageuza, akaopoa. Zilitoka za dhahabu, na zilipopoa kidogo zikavunjika kwa sauti aliyoijua. Akazitia kwenye kopo lenye kifuniko, akachukua shuka, akapanda bajaji.

Nje ya mji barabara ilikuwa tupu, lakini Hashimu alipunguza mwendo.

"Mama Shafii, kama mtoto kapatwa na jambo, sababu ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Chipsi."

"Chipsi gani?"

"Za Fredi, pale kijiweni. Siku ya kwanza nilimwambia asitie chumvi. Hazikulika. Siku ya pili nikasema atie kidogo. Baada ya hapo hakuwa ananiuliza tena."

Riziki alikitazama kisogo cha mumewe kama anakiona mara ya kwanza. "Ndiyo maana kisamvu changu ulikuwa unakisifia huku hukimalizi! Mimi kidole kimoja kimeninyima usingizi, mwenzangu anakula sahani!"

"Kidole gani?"

Akamwambia. Hashimu akasimamisha bajaji kabisa, akageuka. "Kumbe na wewe?"

"Usinifananishe na wewe! Endesha."

Riziki alitaka kucheka, akakumbatia kopo la tambi. Ikiwa kidole kimoja kinafungua kidonda, chipsi za siku zote zile zingefanya nini?

Mustafa alikuwa barazani pa zahanati, mbele ya mlango wa buluu uliofungwa. Riziki aliuendea moja kwa moja. Mustafa akanyoosha mkono.

"Ishia hapo, dada. Hajatoka kumbini huyu."

"Ni mwanangu."

"Ni mwanao, na mjomba wake ni mimi."

"Basi niambie!"

Mustafa alijikuna kichwa, akatazama chini. "Mpira."

"Mpira gani?"

"Walisuka mpira wa makaratasi. Niliwakataza, wallahi. Jana nimegeuka tu kuchukua kuni, Shafii kaenda kudaka penalti. Nyuzi zikaachia. Muuguzi kashona upya, damu ikakata jana ile ile. Katika hekaheka simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo."

"Alidaka?" Hashimu aliuliza.

"Baba Shafii!"

"Alidaka," Mustafa alisema.

Riziki alikaa kwenye ngazi ya saruji. "Mpira," alisema. "Mpira tu." Akashika upindo wa kanga, akajifuta uso, na machozi yakaja mengine.

Mustafa alichukua kopo na shuka, akaingia, akarudisha mlango nyuma yake. Kisha ukasikika mlio wa tambi zikivunjika menoni, halafu sauti nzito ya usingizi: "Mama yuko nje?"

"Kula," alisema Mustafa.

"Mama!"

Riziki alitazama kulia na kushoto. Hakuna aliyemkataza kujibu. "Nipo, baba."

"Hizi hazina kitu kabisa!"

"Najua. Kula hivyo hivyo."

"Hakiumi sana, mama."

"Usidake tena."

Shafii aliendelea kutafuna kwa pupa kama siku zote. Mlango haukuwa na komeo; angeusukuma ungefunguka. Riziki aliuacha, akaegemea ukuta kando yake, na Hashimu alipomwita waondoke alimpungia mkono angoje, mtoto alikuwa bado anakula.