Nilimkuta mume wangu mwanasiasa anaomba peke yake, nikamcheka

Admin, shikamoo. Nakuomba sana jina langu lisionekane, maana huku kwetu watu wanafuatilia ukurasa huu kuliko taarifa ya habari. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nimezaliwa Kibondo, nimeolewa upande wa Kasulu, na tuna watoto watatu. Mume wangu ni diwani. Kata siitaji. Mniite Mama Neema, ingawa si jina langu.

Nimekulia kanisani na sasa ni kiongozi wa akina mama. Mume wangu alikuwa mtu wa Krismasi na harusi. Hakuwa mbaya. Alikuwa ananunua maharage vijijini, anakuja kuuza sokoni Kasulu, akitoka hapo anapitia kilabuni, anarudi nyumbani anaimba. Nilianza kufunga na kumwombea tangu mtoto wetu wa kwanza yuko mgongoni. Nililia mbele za Mungu mpaka wenzangu wakawa wananionea huruma.

Mwaka wa uchaguzi akaniambia anataka udiwani. Haukupita muda, Jumapili moja mchungaji akaita wanaotaka kuokoka, nikamwona mume wangu anakwenda mbele huku analia kama mtoto. Kanisa zima vigelegele. Mimi sikupiga. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, nikasema moyoni, huyu anatafuta kura. Miaka yote mimi namwita haji, leo anataka uongozi ndiyo Yesu naye kamkumbuka? Badala ya furaha nilisikia hasira, kama vile mtu amechukua machozi yangu akayabandika kwenye bango la kampeni.

Kampeni zikaanza. Kila mkutano anafungua na "Bwana Yesu asifiwe", halafu anaomba kwa Kiswahili kizito cha redioni, watu wanapiga makofi. Bombani akina mama wakaniuliza, "Mama Neema, wewe ndiye unakaa naye. Kaokoka kweli au ni siasa?" Nikacheka, nikawajibu, "Subirini matokeo yatangazwe, mtajua." Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Jibu hilo lilizunguka kata nzima. Najua lilimfikia, ila hakuniuliza.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo pananiua. Siku moja mchana nimetoka shambani, watoto wako shule, nikaenda stoo kuchukua mihogo mikavu ya kusaga. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikasikia sauti. Mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati ya magunia ya maharage, kanipa mgongo, anaomba kwa Kiha, polepole, kama mtu anayeongea na baba yake. Anasema, "Mungu, mimi nimezoea kusifiwa. Sijui kama nakupenda wewe au napenda makofi. Kama huu uongozi utanifanya mwongo, ninyime." Alirudia neno hilo, ninyime, ninyime, sauti inakatika.

Nilisikia kila kitu. Mtu mwenye moyo angeondoka taratibu, au angepiga magoti pembeni yake. Mimi sijui ni shetani gani. Nilisukuma mlango, nikamwambia, "Baba Neema, magunia hayapigi kura."

Aligeuka akaniangalia. Sikuona hasira. Aliona aibu, kama mtu aliyekutwa hana nguo. Akasimama, akakung'uta suruali magotini, akasema, "Chukua mihogo yako," akatoka. Na mimi nikachota mihogo, nikaenda mashineni.

Alishinda. Watu walimbeba juu juu, mimi nikiwa pembeni na kitenge kipya. Lakini tangu siku ile ya stoo sijamwona anaomba nyumbani tena, hata chakula haombei, anasubiri mtoto aombe. Kwenye mikutano bado anasema "Bwana Yesu asifiwe", lakini mimi ninayemjua naona sasa anaisema kama salamu tu. Kilabuni ameanza kupita tena, anasema ni kusikiliza wananchi. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Baba Neema, tuombe pamoja kabla hujatoka." Akavaa viatu huku akinijibu kwa upole, "Omba wewe. Huko kwa Mungu wewe ndiye unayejulikana." Nilienda jikoni nikalia kwenye moshi ili watoto wasiulize.

Wanaopita bombani siku hizi wananiambia, "Uliona mbali, mama. Kweli ilikuwa siasa." Wananisifu kwamba nina macho ya rohoni. Nakubali kwa kichwa, nabeba ndoo yangu naondoka. Hakuna anayejua kwamba huenda mtu huyu alikuwa ameokoka kweli, na mimi ndiye niliyemrudisha nyuma.

Juzi mchungaji kaniita. Wanataka kumfanya mume wangu mzee wa kanisa, ila baadhi ya waumini wana mashaka. Akaniambia, "Mama, neno lako ndilo tutakalolifuata. Imani ya mumeo ni ya kweli?" Nikaomba muda nitafakari. Nikisema ndiyo, nitakuwa nadanganya, maana ninayemwona sasa siye yule wa stoo. Nikisema hapana, nitakuwa nimemhukumu mara ya pili kwa kosa langu mwenyewe.

Mtaniambia nimwombe msamaha. Nimejaribu, mdomo unakuwa mzito. Yeye anadhani nilimkuta tu amepiga magoti, hajui kwamba nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikimwomba msamaha itabidi ajue kuwa nilimwelewa vizuri, na bado nikamcheka.

Mchungaji anasubiri jibu langu. Ndugu zangu mlio kwenye ndoa, na ninyi watumishi wa Mungu mnaosoma hapa, nitukaneni kama nastahili, lakini mkimaliza mniambie: nianzie wapi, kwa mchungaji au kwa mume wangu? Na huyo mume wangu, namwangaliaje usoni ninapomwambia?