Mama Aliyemsimamisha Furaha

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha uniache nimalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Mikono hii ndiyo iliyokuwa ndani ya farasi, na macho haya ndiyo yaliyoiona miguu ya yule mama.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa maharagwe, hapa Masisi. Nilipomaliza masomo ya mifugo Goma nikasema nataka kusimamia ferme, shamba la kuzalisha farasi, mama yangu aliweka jembe chini akaniangalia kama mgonjwa wa homa.

"Farasi haikamuliwake, na nyama yake hatukulake," akasema. "Sasa utafuga ya nini, mutoto yangu?"

Ya nini? Hujaziona barabara zetu mvua ikinyesha. Pale pikipiki inapolala ubavu kwenye matope, farasi anapita akitikisa mkia. Basi Papa Bahati, mwenye ferme moja juu ya Ngungu, akanichukua kwa majaribio. Alikuwa na dume moja, na jike aitwaye Furaha. Taabu ni kwamba kila Furaha alipozaa, mtoto alitoka amekufa, na sasa alikuwa na mimba tena.

"Huyu njo wa mwisho," Papa Bahati aliniambia waziwazi. "Akiikala muzima, wewe njo gérante, utasimamia farasi zote zenye zitakuya. Akikufa, narudilia ngombe tu, na wewe unarudia kwenu."

Unaweza kufikiri nilivyomlinda yule farasi. Lakini alasiri moja, Papa Bahati na mchungaji wake wa ng'ombe wakiwa sokoni, ukungu ulishuka, Furaha akavunja ua akapanda mlimani. Nikachukua mfuko wangu wa dawa, nikafuata nyayo zake peke yangu.

Nilimkuta amelala kwenye mteremko, jasho linamtoka, uchungu umeshaanza. Nikanawa mkono, nikapima. Pua ya mtoto ilikuwepo, mguu mmoja wa mbele ulikuwepo. Wa pili ulikuwa umekunjika nyuma. Nilijua la kufanya: kumrudisha mtoto ndani kidogo, kisha kuunyoosha ule mguu. Lakini mama yake akiwa amelala na anasukuma, huwezi. Lazima asimame. Nilimvuta, nikamsihi, nikamwimbia hata wimbo wa kanisani. Wapi.

"Ule wimbo iko muzuri," sauti ikasema nyuma yangu, "lakini iko ya kulalisha batoto."

Nikageuka. Mama mrefu, shingo ndefu, uso mrefu, kitenge amekifunga mpaka kinagusa majani. Niamini, sikuogopa. Nilishukuru tu kuona mtu.

"Mama, unisaidie. Nataka asimame."

"Na akisimama, kichwa iangalie wapi?"

"Chini ya mulima, mutoto arudi ndani kidogo."

"Basi unajua kazi. Tufanye."

Akainama, akampulizia Furaha pumzi puani, taratibu. Furaha akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Wakageuka pamoja, kichwa kikaelekea chini. Nikaingiza mkono, nikamsukuma mtoto, nikalikamata goti, nikaifunika kwato kwa kiganja ili isimchane mama yake, nikauleta mguu mbele. Furaha akalala tena kwa hiari yake, akasukuma, na mtoto akateleza mapajani mwangu, mweusi, wa moto, anapiga chafya.

Nililia nikicheka. Yule mama naye akacheka. Je, umewahi kusikia mtu akicheka kama farasi? Sifananishi. Alilia kifarasi kabisa, na Furaha akamjibu. Kisha ngozi ya bega lake ikatetemeka kama ya mnyama anayefukuza nzi, kitenge kikapanda, nikaona. Kwato mbili, safi, juu ya majani.

"Usiniangalie miguu," akasema kwa upole. "Angalia mutoto. Iko anatafuta ziwa ya mama yake."

Nikamwangalia mtoto. Nilipoinua macho, hakukuwa na mtu. Nilisikia tu mbio za farasi zikipotelea kwenye ukungu.

Papa Bahati alinikuta hapo kabla ya giza. Alimpapasa mtoto, akanipongeza, kisha akainama kutazama matope.

"Ni farasi gani ingine ilikuwa hapa?"

"Dume iko wapi, Papa?"

"Iko mu kibanda. Nimeifungia mimi mwenyewe."

Tukazifuata zile nyayo pamoja. Zilikuja mbili mbili, kama za mtu anayetembea. Ziliondoka nne nne.

Leo mimi ndiye gérante wa ferme ile. Farasi wameongezeka, na hata watu wa Pinga, kule Walikale, huniita jike wao akishikwa na uchungu. Mpaka sasa, mama yeyote mrefu akinisalimia kwenye ukungu, namtazama usoni tu. Chini ya kiuno sishushi macho.

Nawe ukipita njia za Ngungu ukamkuta farasi yuko peke yake, usimpige, usimtukane. Msalimie kwanza. Mimi kila asubuhi naingia kibandani nasema, "Jambo, ba mama." Wafanyakazi hunicheka mpaka wanashika mbavu. Wacha wacheke. Hawakuwepo asubuhi ile nilipoitikiwa kwa sauti ya mtu.