Sauti Iliyojibu Kutoka Sebuleni

Mapema katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikifanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika sera ya elimu, walimu wangu walianza kufa. Nawaita wangu kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuwaita watu waliokubali kuhojiwa. Nilitaka kujua jinsi mfumo mpya wa elimu wa nane-nne-nne, uliodai shule zifundishe ufundi, ulivyofika katika shule za mwambao wa ziwa: wazazi walivyojenga karakana kwa mawe waliyoyabeba wenyewe, na mwalimu alivyofundisha useremala pasipo randa wala msumeno. Niliporudi kwa mahojiano ya pili, zaidi ya mara moja nilikuta kaburi uani, saruji yake bado mbichi. Maradhi hayakutajwa. "Aliugua kidogo," walisema, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Msimamizi wangu alinishauri niwaondoe marehemu katika sampuli. Ulikuwa ushauri sahihi, nami niliufuata. Lakini kanda zao zilibaki chini ya kitanda changu, katika chumba cha uani nilichopanga mjini, mtaa wa Milimani. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: asizisikilize mtu mwingine, na tasnifu ikishapitishwa ziharibiwe.

Mjane wa mmoja wao alihamia mtaa wa mabanda wa Obunga baada ya mazishi, akawa anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Asubuhi moja aliniona nikipita.

"Daktari!" akaita kutoka nyuma ya karai. "Daktari asiye na sindano! Hiyo masomo yako itaisha lini?"

"Bado kidogo, Mama."

"Hiyo kidogo yako haiishi." Kisha kicheko kikafutika usoni mwake. "Sauti ya mwalimu bado iko kwako?"

Nikamwambia ipo. Akamtazama binti yake mdogo, aliyezaliwa baada ya baba yake kuzikwa.

"Huyu hajasikia baba yake hata siku moja. Nataka tu asikie."

"Nilimwahidi mwalimu kwamba hakuna mtu atakayeisikiliza."

"Uliahidi nani? Si ule mwenye alikufa? Mimi ndio nilibaki naye."

Jumapili, walipotoka kanisani, nilikwenda chumbani kwake na redio ya kaseti.

Mwalimu akaanza kusema. Alisema Kiingereza chake cha mbele ya mkaguzi, taratibu, akihitimisha kila sentensi kama anayefunga mlango wa ofisi. Mjane alisikiliza ameinamisha kichwa. Mtoto alikuwa akichezea kasha la kanda, wala hakutazama redio.

"Huyu anaongea na serikali," mama akasema hatimaye. "Mimi sikuolewa na huyu."

Nilinyoosha mkono nizime. Hapo ndipo, ndani ya kanda, sufuria ilipogongwa mbali, nje ya sebule tulimofanyia mahojiano, na sauti ya mwanamke ikaita kwa Kijaluo kwamba chakula kiko tayari. Mwalimu akakatiza maelezo yake juu ya karakana. Kwa sauti nyingine kabisa, nyepesi, yenye uvivu wa mtu aliye nyumbani kwake, akajibu: "Abiro." Naja. Kisha akanitaka radhi kwa Kiingereza na kuendelea. Nilipokuwa nikinakili mahojiano yale kwenye karatasi, mahali hapo niliweka kistari tu.

"Rudisha," mjane akasema.

Nikarudisha. Sufuria, mwito, jibu. Akataka tena, na tena, mpaka mtoto akainua kichwa.

"Nani anaita?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Baba yako."

Mtoto akaliweka kasha chini, akaenda mlangoni, akasimama akitazama njia. Mama yake hakumwita arudi. Alibaki ameshika ukingo wa kiti, na mimi sikuthubutu kugusa redio, iliyokuwa sasa imerudi kwenye useremala.

Nilipoondoka niliitoa kanda, nikamwachia mama mikononi. Zile nyingine niliziharibu kama kanuni ilivyotaka, tasnifu ilipopitishwa. Ndani yake mwalimu yule hayumo.

Siku hizi nina nyumba na watoto wangu. Chakula kikiwa tayari huwaita, na kutoka chumba cha pili mmoja hujibu kwamba anakuja. Huwa nasimama na mwiko mkononi, sipakui, mpaka nimwone mlangoni.